RAMADHANI SIKU YA 12: Seli za shavu, mswaki na meno ya watoto wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Alhamdulillah tumeingia kumi la pili. Leo nilikuwa nimewaandalia zaka ya mali, lakini itabidi isogee hadi kesho inshallah, kwa sababu jana baada ya tarawehe liliingia swali ambalo haliwezi kungoja.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kutoka upande wa Usa River, ameandika hivi: "Ustadh, kesho tuna praktiko ya baiolojia. Mwalimu amesema kila mtu akwangue ndani ya shavu lake kwa kijiti, tuangalie seli kwenye hadubini. Mimi nimefunga. Swaumu yangu itaharibika?"

Jibu kwanza, maana mtoto anasubiri. Hapana, haiharibiki. Kinachofunguza ni kitu kuingia ndani kwa makusudi, na hapa kitu kinatoka, tena kidogo kuliko chembe ya unga. Kijiti kiwe kikavu na kisafi. Akwangue taratibu asijitoe damu, na ikitoka ateme, asiimeze. Ile rangi inatiwa kwenye kioo cha hadubini, haitiwi mdomoni. Basi. Mwanangu, kafanye praktiko yako, usimwambie mwalimu kwamba dini imekukataza, na ukishaweka jicho pale sema Subhanallah.

Sasa sisi wakubwa tubaki kidogo. Mwezi huu wote tunaulinda mdomo. Tunauliza kuhusu mate, kuhusu dawa ya meno, kuhusu kuonja chumvi ya mchuzi, kuhusu maji ya udhu yaliyopita kooni bahati mbaya. Ni vizuri kuuliza. Lakini huo mdomo wenyewe umejengwa na nini, na nani anaujenga? Allah Subhanahu wa Taala anatuuliza katika Suratudh-Dhariyat, baada ya kutaja ishara zilizomo ardhini, kama hatuzioni zile zilizomo ndani ya nafsi zetu. Mtoto wa kidato cha kwanza anakwenda kuziona kesho saa nne asubuhi. Tusiachwe nyuma.

Kwa kawaida siku hiyo wanafunzi hutazama vitu viwili. Cha kwanza ni ile ngozi laini ya kitunguu inayobanduka kati ya tabaka na tabaka. Cha pili ndizo hizo seli za shavu. Ukitazama kitunguu unaona kama ukuta wa matofali: vyumba virefu vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja kimeshikana na mwenzake, mistari imenyooka. Ukitazama shavu unaona vipande bapa vimetawanyika, hiki kimekunjika, kile kimepinda, havina umbo moja. Lakini kila kipande, cha kitunguu na cha shavu, kina kidoa ndani yake. Hicho ni kiini. Ndani ya kiini kumeandikwa maagizo yote ya namna ya kuwa kitunguu, au namna ya kuwa wewe.

Neno lenyewe limeanzia kwenye vyumba. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliangalia kipande chembamba cha kizibo, kile kinachotokana na gome la mti, akaona vijumba vitupu vimepangana, akaviita kwa jina la vyumba vidogo. Alichokiona zilikuwa kuta tu. Wenye nyumba walikuwa wamekufa zamani. Mlishike hilo, tutalirudia tukifika kwenye mswaki.

Seli ya mmea na seli ya mnyama zinashirikiana mengi. Zote zina utando mwembamba wa nje. Zote zina kiini. Zote zina ule ute wa ndani ambao shuleni wanauita saitoplazimu, na ndani ya ute huo kuna vijitanuru viitwavyo mitokondria, vinavyochoma chakula polepole na kutoa nguvu. Saa kumi jioni unapohisi umeishiwa kabisa, vitanuru hivyo havijazimika hata sekunde moja. Vimeshatumia sehemu kubwa ya sukari iliyowekwa akiba kwenye ini tangu daku, na vinazidi kuchota kwenye mafuta. Kwa hiyo wewe umelala kwenye mkeka unangoja adhana, wenyewe wako kazini.

Mmea una vitu vitatu ambavyo seli zako hazina. Una ukuta mgumu unaozunguka ule utando. Una ghala kubwa la maji katikati, liitwalo vakuoli. Na sehemu zake za kijani zina kloroplasti, vile vyombo vinavyonasa mwanga wa jua na kutengeneza sukari. (Kitunguu hakina kloroplasti kwa sababu ile sehemu tunayoila inakua udongoni, gizani. Mwanafunzi wangu, usije ukazichora kwenye mtihani kwa kuwa tu umesikia kitunguu ni mmea.)

Habari ya vakuoli, akina mama wa Soko la Kilombero wanaijua kuliko sisi wenye vitabu. Mchicha umeletwa alfajiri umesimama, ikifika saa saba umelala kama kitambaa. Mama ananyunyiza maji, anafunika na gunia bichi, baada ya muda majani yanainuka. Kilichotokea ni kwamba maji yameingia ndani ya seli, vakuoli zimejaa, zimesukuma kuta, jani likasimama. Ule ukuta ndio unaozuia seli isipasuke kwa kushiba maji. Seli yako wewe haina ukuta huo. Chembe nyekundu ya damu ukiitumbukiza kwenye maji matupu inavimba mpaka inapasuka. Ndiyo maana dripu ya hospitali si maji ya bomba, ni maji yenye chumvi au sukari kwa kipimo. Na ndiyo maana kachumbari ya futari ukiitia chumvi mapema inaogelea: chumvi imeyavuta maji kutoka kwenye seli za nyanya na vitunguu. Allah anasema katika Suratul-Qamar kwamba kila kitu amekiumba kwa kipimo. Neno hilo kipimo tutalihitaji leo.

Ule utando nao una ajabu yake. Ni mwembamba kiasi kwamba hadubini ya shule haiwezi kuuonyesha vizuri, lakini ndio unaoamua nini kiingie na nini kitoke. Maji yanapita, sukari inafunguliwa mlango wake, taka zinatolewa nje. Mtume wetu (S.A.W.) ameifananisha swaumu na ngao. Mimi nikiwaza funga zetu naona wengi tumejenga ukuta badala ya utando. Chakula hakipiti, hapo tumeweza. Lakini kusengenya kunatoka, matusi yanatoka, kejeli inatoka. Mlango umefungwa upande mmoja tu.

Na kwenye hiyo kejeli ndipo ninapotaka kufika.

Twende kwenye mswaki kwanza. Siulizii leo hukumu ya kuutumia baada ya adhuhuri kwa aliyefunga. Mnajua Mashafii wengi wanaona ni makuruhu na wengine hawaoni tatizo. Uchukue tu mkononi. Utafune ncha mpaka nyuzi zitoke. Zile nyuzi ni nini? Ni kuta za seli za mmea. Seli zenyewe nyingi zilikwisha kufa mti ukiwa bado umesimama, kama zile alizoziona Hooke, lakini kuta walizojenga zimebaki, na leo zinakusafisha meno na kukupatia sunna. Mjenzi ameondoka na kazi yake inaendelea.

Halafu kile kinachosuguliwa na nyuzi hizo, yaani jino. Seli za mnyama nimesema hazina ukuta, lakini kuna seli mwilini mwako zilijenga ukuta kwa ajili yako. Kabla jino halijatokeza, likiwa bado limezama ndani ya ufizi, kuna seli nyembamba ndefu zilizosimama kwa safu juu yake kama waumini kwenye swala. Kazi yake ni moja: kumwaga na kukomaza ule ung'ao mgumu wa juu, enameli, ambao ndio kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Zinajenga tabaka kwa tabaka. Mwanzo kinakuwa laini chenye protini nyingi, halafu zinaiondoa protini na kuingiza madini mpaka karibu yote yanakuwa madini. Zikishamaliza zinakufa. Jino linapochomoza, zile seli zinapotea.

Tafadhali lielewe hilo vizuri. Shavu ukiling'ata wakati wa kula daku kwa haraka, ndani ya siku chache limepona, kwa sababu chini yake kuna seli zinazogawanyika kila siku. Mfupa ukivunjika unaunga, kwa sababu ndani yake kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, maisha yako yote. Enameli haina seli ndani yake hata moja. Mafundi walikuja mara moja, ukiwa mtoto, wakajenga, wakaondoka, na hawarudi tena. Kama walipewa vifaa vizuri, una jino jeupe. Kama wakati ule waliingiliwa kazini, alama inabaki mpaka unazikwa.

Na hapa kwetu, chini ya Mlima Meru, wameingiliwa sana.

Mlima wetu ni volkano, mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ulikuwa mwaka 1910, na mawe yake na majivu yake yana floraidi. Maji yakipita humo yanaibeba. Shirika la afya duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu kupata vyanzo vilivyo chini ya hapo kulikuwa kugumu, kisha ikashusha mpaka 1.5. Lakini kuna mito na visima kuzunguka mlima huu vinavyopita miligramu 10. Haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukuonya. Maji yanatoka kwenye mwamba yakiwa safi, ya baridi, yanametameta, unamshukuru Allah na kumpa mtoto.

Floraidi kidogo si adui. Kidogo inalisaidia jino lisioze, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi, zile seli fundi zinashindwa kuondoa protini na kukomaza madini sawasawa. Enameli inatoka na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino linachomoza likiwa na madoa meupe kama chokaa, halafu chai na vyakula vinaingia kwenye vile vitundu, na mwaka hadi mwaka linageuka njano, kahawia, hadi karibu na weusi. Ikizidi mno na kwa miaka mingi inafika kwenye mifupa. Katika baadhi ya vijiji vya mlima huu mmewaona watoto wenye miguu iliyopinda na wazee wasioweza kuinama kwenye rukuu. Si wote sababu yao ni moja, lakini floraidi imo.

Kwa hiyo rangi ile si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Haiambukizi. Si laana ya ukoo. Ni kumbukumbu ya maji aliyokunywa mtoto kabla hajajua hata kusema "maji".

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kutabasamu mbele ya uso wa ndugu yako ni sadaka. Ni sadaka ambayo hata asiye na senti anaweza kuitoa. Sasa angalieni vijana wetu. Angalieni binti wa miaka kumi na sita akicheka: kiganja kinakwenda mdomoni kabla kicheko hakijatoka. Angalieni kijana anayeongea akiwa ameinamisha kichwa, mnasema ana haya. Akienda kusoma mkoa mwingine, neno la kwanza analosikia bwenini ni utani wa meno ya Arusha. Na hatuwezi kuwalaumu wa mikoa mingine peke yao. Humu humu mitaani, humu humu kwenye barza za futari, nimesikia watu wazima, wamefunga, wakiwatania watoto wa wenzao kwa majina ya kutu na kahawa. Suratul-Hujurat imekataza kaumu moja kuidharau nyingine, ikatutahadharisha kwamba huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Mtu huyu alikuwa na sadaka yake ya bure, tumeifunga kwa ulimi wetu. Halafu saa kumi na mbili na nusu tunafungua kwa tende na kuomba tusamehewe.

Wengine kwa uchungu wanaanza kujitibu wenyewe. Wanasugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu. Jamani, acheni. Mchanga unakwangua enameli ile kidogo iliyopo, na ukali wa ndimu unaiyeyusha, na nimeshawaambia fundi wake hayupo tena. Nenda kwa daktari wa meno. Madoa mepesi yanaweza kupunguzwa, na mazito yanaweza kufunikwa. Kwa mzazi mwenye uwezo, hilo si anasa kwa kijana wako.

Lakini jambo kubwa zaidi ni wale ambao meno yao bado yanajengwa. Meno ya utu uzima huanza kujengwa karibu na kuzaliwa na huendelea mpaka miaka kama minane, ukiacha magego ya mwisho. Yale ya mbele, yanayoonekana mtu akicheka, yanajengwa hasa katika miaka mitatu minne ya mwanzo. Maana yake mtoto aliyeko mgongoni mwako sasa hivi unaposoma ujumbe huu, mafundi wako kazini mdomoni mwake leo. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Hadithi hiyo tunaijua sote, na sijui kwa nini tunadhani haihusu ndoo ya maji.

Tuanze na lililo rahisi na ambalo Allah mwenyewe ameliandaa. Maziwa ya mama. Mama anaweza kuwa anakunywa maji yenye floraidi nyingi, na bado maziwa yake yakawa na floraidi kidogo sana, karibu na hakuna. Seli za titi zinachota kwenye damu ile ile, zinachukua sukari, mafuta, madini, kinga, lakini floraidi nyingi inabaki nyuma. Huo ndio utando niliowaambia. Suratul-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Miaka miwili! Hesabu na ile miaka mitatu minne ya meno ya mbele. Na mama anayenyonyesha ambaye anahofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye; tumeieleza siku ya nne, msione haya kuitumia. Tatizo linaanza pale mtoto anapoanzishwa mapema maziwa ya kopo au uji uliokorogwa kwa maji ya kisima. Hapo tumelipita lile chujio tukamimina moja kwa moja.

La pili: kuchemsha hakuondoi floraidi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndugu wengi wanaamini wakishachemsha wamemaliza. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni jema, endeleeni. Lakini floraidi ni madini. Maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inabaki, na yale yaliyobaki yanakuwa na nyingi zaidi kwa kila lita.

La tatu: maji ya mvua. Yanayotoka mbinguni hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo floraidi yake ni kidogo sana. Masika iko mlangoni. Safisha bati na mfereji, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi, kisha kinga. Hata kama huwezi kukinga ya familia nzima mwaka mzima, kinga ya mtoto. Mtoto mdogo anakunywa kiasi gani kwa siku? Pipa moja lililofunikwa vizuri, likatumika kwa kunywa kwake na uji wake tu, linakwenda mbali. Mkubwa ambaye meno yamekwisha kukamilika anywe mengine wakati anatafuta njia. Mimi naona huu ndio mgawanyo wa haki ndani ya nyumba, ingawa najua kwenye nyumba zetu kikombe kizuri anapewa baba.

La nne: mkaa wa mifupa. Kule Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia wanayoijua vizuri ni kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye joto kali. Mfupa uliochomwa unaikamata floraidi. Mtanishangaza msiponiuliza: mifupa ya ng'ombe gani? Ni swali zuri. Mifupa ya mnyama aliyechinjwa kisheria ni tohara, hakuna wasiwasi. Ya mzoga, kwa Mashafii ni najisi na kuichoma hakuitoharishi. Mahanafi wana kauli nyepesi zaidi. Kwa hiyo kabla hujanunua chujio muulize fundi mifupa imetoka wapi. Hapa Arusha mifupa mingi inatoka machinjioni na inajulikana nani kachinja, kwa hiyo swali hili lisiwe kisingizio cha kuacha. Na ule mkaa unachoka. Una muda wake, lazima ubadilishwe, la sivyo unakuwa na chujio la mapambo.

Magadi nayo muyatazame. Makande na maharage ya futari tunayalainisha kwa magadi, na magadi ya huku kwetu mengi yana floraidi nyingi. Loweka maharage tangu usiku, pika bila magadi, au angalau chungu cha mtoto kitengwe. Na chai ya rangi nzito usimzoeshe mtoto mdogo, maana mchai ni mmea unaovuta floraidi ardhini na kuiweka akiba kwenye majani yake. Hapo tena ni seli za mmea zinafanya kazi yake. Kosa si lake.

Kuna aliyeniuliza siku za nyuma kama maji ya mto wa Maji ya Chai, yenye ile rangi, yanafaa kwa udhu. Yanafaa. Maji yaliyobadilika kwa sababu ya ardhi anayopita yanabaki kuwa tohara na yenye kutoharisha. Lakini tohara ni jambo moja na kufaa kwa mtoto kunywa ni jambo jingine. Kutia maji mdomoni na kuyatema kwenye udhu hakuna shida kwa yeyote.

Sasa kazi. Katika hadithi ya Saad bin Ubada, Allah amridhie, alipofiwa na mama yake na kumuuliza Mtume (S.A.W.) sadaka gani iliyo bora kumtolea, aliambiwa maji. Mradi mkubwa wa maji wa jiji, ule wa shilingi bilioni 520, umesaidia sana mjini, na tunawaombea dua waliousimamia. Vijijini juu huko bado. Na madrasa yetu wenyewe ina watoto wadogo wengi ambao hawajafika miaka minane, wanakunywa bomba la uani baada ya darsa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza yale maji yana kiasi gani. Mimi pia nayanywa. Kamati imekubali tuanze na mambo mawili: maji yale yapelekwe kupimwa maabara, na bati la madrasa liwekewe mifereji na tanki kabla mvua hazijakolea. Mafundi wawili wamejitolea mikono yao. Kinachohitajika ni mifereji, bomba, saruji ya kujengea msingi wa tanki, na tanki lenyewe. Mwenye lililokaa uani bila kazi, hata likiwa na ufa mdogo, alilete; mafundi wamesema linazibika. Mwenye pesa ampe mweka hazina mkononi baada ya tarawehe na aandikishwe. Mwenye mzazi aliyetangulia mbele ya haki anaweza kunuia kwa ajili yake.

Kwa wale mnaofuturisha watu majumbani wiki hii, nina ombi moja. Akikaa mkekani kijana anayeziba mdomo akicheka, msimwangalie mdomo. Mpeni tende, mcheke naye.

Allahumma tunakuomba uzitakabali funga zetu na visimamo vyetu. Wape watoto wetu maji yenye heri na siha ya meno na mifupa. Waponye wanaoumwa mifupa mpaka wameshindwa kurukuu, na uwaandikie rukuu zao kamili. Warehemu wazee wetu waliotutekea maji kwa migongo yao wakitupa kilichokuwepo. Zizuie ndimi zetu. Amin.

Kesho inshallah zaka ya mali, wenye maduka waje na maswali yao. Na wewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza, tuandikie umeona nini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.